Magadi: Jiwe la jikoni lenye faida na madhara

WAPISHI wengi wa Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, hutia kijiwe cha magadi wanapochemsha mrenda au maharagwe makavu. Ni wachache wanaojiuliza jiwe hilo hutoka wapi na lina nini ndani yake.

Magadi ni kabonati na bikabonati ya sodiamu zilizoungana na maji katika fuwele moja. Hazina kubwa zaidi nchini imo katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado. Chemchemi za maji moto huingia katika ziwa hilo, ambalo halina mto wa kutokea. Jua hukausha maji na magadi huganda tabaka juu ya tabaka. Karibu zaidi na Rangwe, Ziwa Simbi lililo jirani na Kendu Bay nalo lina maji ya magadi.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka wa 1911, na mnamo 2005 ikaingia mikononi mwa Tata ya India. Kiwandani, magadi huchomwa hadi maji na sehemu ya hewa ya kaboni yatoke, ukabaki unga mweupe wa kutengenezea kioo na sabuni. Mchanga uliochanganywa na unga huo huyeyuka kwa joto la chini kuliko mchanga mtupu, na bila hilo kioo cha dirisha kingekuwa ghali mno.

Jikoni, magadi hulegeza kuta za chembechembe za mmea, ndipo maharagwe huiva upesi na kuni zikasalia. Mboga nazo hudumisha rangi ya kijani. Maji ya majivu yaliyochujwa, waliyotumia wazee, hufanya kazi hiyo hiyo.

Lakini rangi hiyo nzuri hudanganya. Magadi huharibu vitamini C na B1, na sodiamu yake haimfai mwenye shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, magadi ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floridi nyingi. Kaskazini mwa Tanzania, watafiti wameyahusisha na meno ya kahawia kwa watoto. Madoa hayo hutokea jino likiwa lingali linaumbika ndani ya ufizi, na hayaondoki kwa mswaki.

Kwa sababu hiyo chakula cha mtoto mchanga chafaa kupikwa bila magadi. Maharagwe yakirowekwa usiku kucha na maji yale kumwagwa, huiva upesi vilevile. Kwa mrenda, chembe ndogo yatosha.