Je, Wajua Seva ya Hifadhidata Huponaje Umeme Ukikatika?

Watu wengi wa Kampala, na miongoni mwao wamo waliohitimu Chuo Kikuu cha Makerere, wakitajiwa seva hufikiri mara moja mashine kubwa iliyofungiwa katika chumba cha baridi huko Ulaya au Marekani, isiyofikiwa ila kwa kulipa dola kila mwezi. Ilhali seva ya hifadhidata ni programu tu, tena zilizo bora miongoni mwake hutolewa bure, na kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, yatosha kabisa kuiendesha kwa ajili ya shule, zahanati au chama cha akiba na mikopo. Kuisakinisha sitakueleza, maana kila mwenye subira ya kusoma maelekezo huimaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Nitakalo kulieleza ni tabia moja ya programu hiyo, ambayo kwayo yastahili heshima, na ambayo sisi wenyewe, kwa haraka na kwa kutojali, huiharibu.

Mji huu hupata umeme kutoka Jinja, ambako bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na siku hizi pia kutoka Karuma, bwawa la megawati 600 lililozinduliwa Septemba 2024. Walakini wingi wa umeme bwawani si udumifu wa umeme nyumbani, kwa kuwa nyaya na transfoma ndizo zishindwazo, hususa zinapokuja dhoruba za radi kutoka Ziwa Victoria. Basi mfikirie karani wa zahanati atumiaye UgandaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, ambayo asili yake ni kazi iliyoanza mwaka 2004 kwa ajili ya zahanati za Eldoret, nchini Kenya, na ambayo hutunza habari zake katika seva ya hifadhidata iitwayo MySQL, mara nyingi ndani ya kompyuta iliyopo palepale zahanati. Karani amebonyeza kitufe cha kuhifadhi majibu ya kipimo cha mgonjwa, na papo hapo taa zimezimika. Je, majibu yameandikwa, hayakuandikwa, au yameandikwa nusu?

Jawabu lake nitalionyesha katika PostgreSQL, seva nyingine ya hifadhidata, iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, kwa sababu matendo yake ni rahisi kuchungulia, ingawa MySQL nayo ina tabia ya namna hiyo hiyo. Makarani wa maduka ya zamani waliandika kila mauzo kwanza katika daftari la kutwa, kwa mfuatano wa saa, kisha jioni wakahamishia hesabu katika leja kuu. Na PostgreSQL hufanya vivyo hivyo, kwani haigusi leja yake diskini kabla haijaandika daftarini kile inachokusudia kukitenda, wala haimwambii karani kwamba kazi yake imepokewa mpaka diski ikiri kuwa ingizo hilo la daftari limekwisha kukaa mahali pake. Ukifungua folda iitwayo pg_wal utaliona daftari lenyewe: mafaili ya megabaiti 16 kila moja, yenye majina ya herufi na tarakimu 24, kama vile 000000010000000000000001. Leja kuu hufuatia baadaye bila pupa, na kwa kawaida kila baada ya dakika 5 huwekwa alama ya kwamba yote yaliyotangulia yamekwisha kuhamishwa.

Umeme urudipo, seva huanza kusoma daftari tangu alama ile ya mwisho, ikirudia kila tendo moja baada ya jingine. Itajuaje mahali pa kukomea? Kila ingizo limebeba namba ya uhakiki iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, na seva ifikapo kwenye ingizo ambalo namba yake haipatani na yaliyomo, hutambua kwamba hapo ndipo umeme ulipokatikia, ikaacha lililosalia. Muamala, yaani fungu la matendo yapasayo kukamilika pamoja, ukiwa haujakamilika huhesabiwa kuwa haukutokea kabisa. Tena kuna tahadhari nyingine iliyonishangaza zaidi ya hizo: diski haihakikishi kuandika ukurasa wa leja wa kilobaiti 8 kwa mkupuo mmoja, hata yawezekana nusu yake ikawa mpya na nusu ya zamani, kwa ajili hiyo kila ukurasa uguswapo mara ya kwanza baada ya alama ile, nakala yake nzima hutiwa daftarini, ili ulioharibika upate kubadilishwa wote. Mengi katika kanuni za miamala tunadaiwa na mtaalamu wa hifadhidata Jim Gray, aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1998, na ambaye Januari 2007 alitweka tanga peke yake kutoka San Francisco asionekane tena.

Tadbiri yote hii hutegemea diski iseme kweli, na zipo diski zisemazo uongo: hujibu kwamba zimeandika, kumbe habari ingali katika kumbukumbu ya muda ifutikayo umeme ukitoka. Uongo huo hupimika. Diski izungukayo mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, basi ukiipima kwa programu ndogo iitwayo pg_test_fsync, ikadai kukamilisha maandiko elfu kadhaa kwa sekunde, moja baada ya jingine, ujue haiaminiki. Mbaya kuliko diski ni mtu aizimaye kwa makusudi amri ya kungoja diski, iitwayo fsync, ili programu yake ionekane nyepesi, kisha akaikabidhi kwa zahanati. Huo naona ni uharibifu wa amana.

Kadhalika nachukizwa na nakala ya akiba iwekwayo katika diski ile ile, na isiyojaribiwa kurejeshwa hata mara moja, na betri ya kukingia umeme iliyokufa zamani ikabaki mezani kama pambo. Tena twatupa mashine zinazofanya kazi, katika mji ambao jaa lake la Kiteezi liliporomoka Agosti 2024 likaua watu, ilhali nyingi za mashine hizo zingebeba kumbukumbu za shule nzima kwa miaka.

Tena seva ya namna hii haihitaji intaneti. PostgreSQL kwa desturi yake husikiliza kompyuta yake yenyewe tu, kwa mlango namba 5432, na ilipofungwa intaneti ya Uganda kwa siku tano hivi wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, mwenye habari zake chini ya meza yake aliweza kuendelea na kazi. Matumizi mengine ni mengi: hesabu za ghala, karo za wanafunzi, michango ya msikiti au kanisa, orodha ya vitabu vya maktaba, mazoezi ya mwanafunzi wa mtaa wa Wandegeya, na hata DHIS2, ambayo kwayo wizara ya afya hukusanya takwimu za nchi nzima, na ambayo mtu aweza kuisakinisha na kuifanyia majaribio katika kompyuta yake mwenyewe.