Pikipiki ya Asubuhi Iwashwe Nje



Huku nyanda za juu za kusini, kuanzia Njombe hadi Makete, baridi ya miezi ya Juni, Julai na Agosti haihitaji kuelezwa. Maji ya kunawa yanauma vidole, watoto hawataki kutoka kwenye blanketi, na pikipiki nayo inagoma. Baba anapiga kiki mara kumi hadi jasho linamtoka, na mama anasimama mlangoni na mtoto wa kupelekwa shule.

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo hilo: jinsi ya kuwasha pikipiki ya zamani yenye kabureta wakati wa baridi. Huenda mtauliza, wauguzi na pikipiki wapi na wapi? Sababu tunazo mbili. Kwanza, sisi wenyewe tumekwenda kwenye kliniki za vijijini kwa pikipiki kwa miaka mingi, tukiwa na kasha la chanjo nyuma, na kiki hizo tumezipiga. Pili, tumewapokea hospitalini watu walioumwa kutokana na dakika zile chache za kuwasha.

Kisa kimoja

Miaka kadhaa iliyopita, asubuhi moja ya Julai, alikuja kwetu mama mmoja na mtoto wake wa miaka mitatu. Wote wawili waliumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, na mtoto alikuwa ametapika. Tulipima joto la mwili, hakuna homa. Tulipima damu, hakuna malaria. Tukawapa dawa ya maumivu, wakapumzika kwenye benchi la nje. Kufika saa sita walikuwa wamepata nafuu, wakarudi nyumbani. Nasi tukadhani tumewatibu.

Baada ya siku nne walirudi, safari hii wakiwa na bibi ambaye alikuwa ameanguka na kuzimia. Ndipo mmoja wetu alipouliza swali ambalo tungepaswa kuliuliza siku ya kwanza: "Asubuhi kabla ya kuumwa huwa mnafanya nini hapo nyumbani?" Mama akaeleza kwamba pikipiki hulala sebuleni kwa kuogopa wezi. Baba huiwasha humo humo, akaiacha ingurume mpaka ipate moto huku akinywa chai, na mlango hufungwa kwa sababu ya baridi. Baba mwenyewe kichwa humgonga kidogo, lakini akishapanda pikipiki na kupigwa na upepo njiani, kinapona. Wanaobaki ndani ndio wanaoumwa.

Bibi alilazwa, akapewa oksijeni, akapona. Lakini tulikaa tukajiuliza: kama siku ile ya kwanza walipona wakiwa kwenye benchi la nje, je, ni dawa yetu iliyowaponya, au ni hewa safi?

Kwa nini pikipiki hugoma kwenye baridi

Petroli haiwaki ikiwa katika hali ya maji. Inawaka ikigeuka mvuke na kuchanganyika na hewa, na kazi ya kabureta ni kuandaa mchanganyiko huo. Injini ikiwa ya baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri. Sehemu kubwa hubaki matone yanayoganda kwenye kuta za njia ya kuingilia. Mvuke unaofika kwenye plagi unakuwa mdogo mno, na cheche ikiruka haikuti cha kuwasha.

Kwa sababu hiyo waliotengeneza pikipiki waliweka choki, yaani kile kijiti kidogo pembeni mwa kabureta, au kwenye usukani kwa baadhi ya pikipiki. Ukitumia choki, hewa inayoingia inapunguzwa, au petroli ya ziada inaongezwa, kulingana na aina ya kabureta. Mchanganyiko unakuwa mzito na injini inakubali kuwaka.

Hapa ndipo lilipo jambo tunalotaka kila familia ilishike. Petroli nyingi ikikutana na hewa kidogo haiungui sawasawa, kama vile mkaa unavyokosa kuungua vizuri jiko likikosa hewa. Kinachotoka ni hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Basi dakika zile za choki ndizo ambazo moshi wa pikipiki una sumu nyingi kuliko injini ikishapata moto. Na dakika hizo hizo ndizo ambazo wengi wetu tunaiwashia ndani ya nyumba!

Sumu hii inavyofanya kazi

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Usidanganyike kwamba moshi usipoonekana basi hakuna hatari. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kushika himoglobini, yaani ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena oksijeni ya kutosha kwa ubongo na moyo.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea, kuchanganyikiwa, maumivu ya kifua, na mwishowe kuzimia na hata kufa. Dalili za mwanzo zinafanana na malaria au mafua. Zitofautisheni kwa mambo matatu: kwa kawaida hakuna homa, watu wa nyumba moja huumwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje hupata nafuu.

Walio katika hatari zaidi ni mama wajawazito na watoto walioko tumboni, watoto wachanga, wazee, wenye upungufu wa damu na wenye ugonjwa wa moyo. Mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika hata kama mama yake anaonekana si mgonjwa sana.

Namna ya kuwasha na kupasha moto

Maelezo haya yanafaa kwa pikipiki kama Honda XL125, Suzuki TF125, Yamaha AG100, na nyingine zenye kabureta, zikiwamo nyingi za bodaboda. Pikipiki mpya zisizo na kabureta hazina choki, lakini kanuni ya kwanza inazihusu pia.

1. Isukume nje kwanza, injini ikiwa imezimwa. Kufungua mlango au dirisha hakutoshi. Wala barazani chini ya dirisha la chumba cha kulala hapafai. Ipeleke hatua kadhaa mbali na nyumba, bomba la moshi lielekee kusiko na madirisha.

2. Weka gia kwenye nyutro. Fungua koki ya petroli, usubiri kama nusu dakika ili kikombe cha kabureta kijae.

3. Swichi ikiwa bado imezimwa, bana klachi na upige kiki polepole mara mbili au tatu. Usiku wa baridi oili inakuwa nzito, na hatua hii inailegeza injini.

4. Weka choki yote, kisha fungua swichi. Mkono wa mafuta usiuzungushe, au uuguse kidogo tu. Kwa kabureta nyingi, ukiufungua sana unaharibu kazi ya choki.

5. Vaa viatu vigumu, kamwe usipige kiki kwa miguu mitupu au kandambili. Shusha kiki taratibu mpaka uhisi inagoma, iachie irudi juu, kisha piga mara moja kwa nguvu hadi chini. Kiki iliyopigwa nusu nusu huweza kurudi kwa kishindo na kuumiza mguu.

6. Ikiwaka, iache ingurume taratibu. Usipige resi. Oili haijasambaa bado, na pistoni hupata moto na kutanuka kabla ya silinda, hivyo vyuma vinasagana.

7. Baada ya nusu dakika hadi dakika moja, rudisha choki nusu. Injini ikiweza kunguruma bila kuzima, rudisha choki yote. Choki ikiachwa muda mrefu, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, plagi inajaa masizi, na sumu inazidi kutoka bure.

8. Dakika moja au mbili za kupasha moto zinatosha. Kisha ondoka, uendeshe pole pole kilometa mbili tatu za mwanzo. Injini hupata moto vizuri zaidi ikitembea kuliko ikisimama. Hakuna haja ya kuiacha ingurume hadi chai iishe.

Injini ikiwa bado ina moto, kwa mfano umesimama dukani kidogo, usitumie choki kabisa. Pia tukumbuke kwamba huku milimani hewa ni nyepesi. Kwenye mwinuko wa meta 2,000, hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, hivyo mchanganyiko wa kabureta tayari una uzito wake. Pikipiki iliyokuja kutoka Dar es Salaam ikitoa moshi mweusi, mpelekee fundi airekebishe.

Kama umepiga kiki mara nyingi na sasa petroli inanuka, injini imelewa mafuta. Rudisha choki, zima swichi, fungua mkono wa mafuta wote, upige kiki mara sita au saba. Kisha subiri kidogo na ujaribu tena bila choki. Wakati huo pasiwe na sigara, mshumaa wala koroboi karibu. Kadhalika, msichungulie tangi la petroli kwa kiberiti. Mvuke wa petroli unadaka moto kabla macho hayajaona.

Mtu akidhurika

Akikutwa mtu amelegea au amezimia katika nyumba yenye pikipiki inayonguruma, fungua milango, zima injini, umtoe nje haraka. Usikae ndani kumhudumia, nawe utaanguka. Kama hapumui, na kuna anayejua kumpulizia pumzi na kubonyeza kifua, aanze mara moja huku wengine wakitafuta usafiri. Maziwa hayaondoi sumu hii, na aliyezimia asipewe kitu chochote mdomoni.

Wapelekeni hospitali wote waliokuwa ndani, hata anayesema hajambo, na hasa mama mjamzito. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, huchukua saa nne hadi tano kiasi cha sumu katika damu kipungue nusu. Kwa oksijeni ya hospitali huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Mgonjwa akishapona, mwangalieni kwa wiki kadhaa. Akianza kusahau sahau au kubadilika tabia, arudi hospitali.

Tena, mkifika tuambieni wazi: "Pikipiki iliwashwa ndani." Msione haya. Kile kifaa kidogo tunachobana kwenye kidole kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu yenye sumu hii na damu nzima. Kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa yuko hatarini. Maneno yenu ndiyo yatakayotufungua macho.

Jambo moja zaidi kuhusu watoto. Bomba la moshi hushika moto mkali kwa muda mfupi, na watoto hupenda kusogea karibu na pikipiki inayopashwa. Mtoto akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ukimfunika sehemu nyingine za mwili asipate baridi. Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu wala yai. Funika kwa kitambaa safi, umlete kituo cha afya.

Hitimisho

Tunajua kwamba pikipiki ni mali, na wezi wapo. Hatusemi ilale nje. Ikibidi ilale ndani, iwe mbali na vyumba vya kulala na mbali na jiko, koki ya petroli ikiwa imefungwa. Ila kanuni iwe moja kwa baba, kijana na mgeni: pikipiki iingie kwa kusukumwa na itoke kwa kusukumwa. Ndani ya nyumba injini isingurume hata mara moja.

Baba wa familia ile tuliyoisimulia aliona ni usumbufu, maana mlangoni pake pana ngazi mbili. Akatafuta ubao mpana, akauweka juu ya ngazi, na pikipiki ikawa inashuka bila taabu. Mama alipokuja kliniki mwezi uliofuata, mtoto alikuwa anacheza. Tulimwuliza habari za kichwa. Alicheka, akasema siku hizi kichwa kinamwuma baba tu, kwa kuwaza bei ya petroli.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tukutane tena mwezi ujao.