Gata Ikivuja Juu, Msingi Hulipa Chini

Anayejenga nyumba Eldoret huanza na msingi na kumalizia na gata, na mara nyingi pesa huisha kabla ya gata kufika. Mabati yameshapigwa, madirisha yametiwa vioo, familia imehamia, na ukingo wa paa umeachwa wazi mpaka mwaka ujao. Wengine huweka gata, kisha wasiitazame tena hadi siku itakapoanguka. Wote hawa wanauacha msingi bila kinga, kwa sababu kazi ya gata ni kuifanya ardhi iliyobeba nyumba isilowe kupita kiasi.

Tuanze na hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Eldoret hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita 10 kwa mita 12 basi hupokea kiasi cha lita 120,000, yaani tani 120 za maji kila mwaka. Mvua kubwa ya alasiri ikinyesha kwa kasi ya milimita 50 kwa saa, upande mmoja wa paa hilo humwaga lita 50 kila dakika, sawa na mitungi miwili na nusu ya lita 20. Bila gata, maji yote hayo huangukia ukanda mwembamba wa udongo uliopakana na ukuta.

Majira ya hapa nayo huongeza uzito wa jambo. Mvua za Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba, zikishika kasi zaidi karibu na Mei na Agosti. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, na siku za baridi na mawingu hukausha ukuta polepole. Mahali palipolowa Aprili panaweza kubaki na unyevu hadi mvua za Agosti zipakute. Tundu dogo la gata hupewa nusu mwaka wa kufanya uharibifu bila kupumzika.

Tone linavyochimba

Tone linalodondoka kutoka ukingo wa paa ulio mita 3 juu hufika chini kwa kasi ya mita 6 hadi 7 kwa sekunde. Kwa kuwa mabati yana migongo na mabonde, maji hushuka kwenye mabonde na kupiga ardhi pale pale kila mvua. Ndiyo maana chini ya paa lisilo na gata huonekana safu ya vishimo vilivyopangika kama vilivyopimwa kwa kamba. Bandu bandu huisha gogo: vishimo huungana vikawa mfereji, mfereji hukusanya maji, na maji hayo hutafuta njia ya kushuka kando ya msingi.

Huko chini, mambo hutegemea udongo. Udongo mwekundu uliolowa kwa muda mrefu hulainika na kupungukiwa nguvu ya kubeba. Udongo mweusi wa mabondeni una hatari zaidi, kwani hufura ukipata maji na kusinyaa ukikauka. Kona moja ya nyumba ikilowa kuliko nyingine, msingi huinuka au kuzama bila usawa, na ukuta hupasuka. Nyufa za aina hii kwa kawaida huenda mshazari, mara nyingi zikianzia kwenye pembe za dirisha au mlango.

Maji hupanda pia. Mawe, matofali na plasta vina vinyweleo vyembamba vinavyoyavuta maji kwenda juu. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, na chumvi zilizoyeyuka ndani yake hubaki. Ule unga mweupe unaoonekana chini ya ukuta ndio chumvi hizo. Chembe zake zikikua nyuma ya rangi huisukuma mpaka ibanduke, na plasta huifuata. Kwa nyumba za udongo vijijini, hali ni mbaya zaidi: ukuta wenyewe hulainika na kumomonyoka sehemu ya chini, palepale unapobeba uzito wote.

Gata huuawa na nini

Adui wa kwanza ni takataka. Majani ya mikaratusi na misaiprasi hujaa kwenye gata, na baada ya mavuno ya ngano na mahindi upepo huleta vumbi na makapi. Vitu hivi hugeuka tope linaloziba mdomo wa bomba la kushushia. Gata ya mita 10 yenye upana na kina cha sentimita 10 ikiziba na kujaa, hubeba lita 100, yaani kilo 100 zinazoning'inia kwenye misumari michache. Mvua ya mawe nayo huweza kuziba mdomo huo kwa dakika chache. Hapo vishikio hulegea, gata hulegea katikati, na maji hutuama hata baada ya kusafishwa.

Adui wa pili ni kutu. Bati la gata ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki hukilinda chuma kwa kujitoa yenyewe: unyevu na hewa huila zinki kwanza. Gata ikikauka baada ya mvua, ulinzi huo hudumu miaka mingi. Ikifunikwa na majani mabichi yanayooza, unyevu haumaliziki, asidi za majani huharakisha kazi, na zinki huisha mapema. Mikwaruzo ya misumari na makali yaliyokatwa ndiyo sehemu zinazoanza kutoboka.

Gata za plastiki hazipati kutu, lakini zina udhaifu wake. Kadiri unavyopanda juu, miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na miale hiyo huidhoofisha plastiki hadi ikawa kavu na rahisi kuvunjika. Tena plastiki hurefuka kwa joto. Kipande cha mita 10 kilichopoa hadi nyuzi 10 usiku kikichomwa na jua hadi nyuzi 45 mchana hurefuka kwa zaidi ya sentimita 2. Fundi akiunganisha vipande bila kuacha nafasi ya kurefuka, viungo hufunguka.

Soma ardhi kwanza, kisha panda ngazi

Uharibifu mwingi hujitangaza chini kabla ya kuonekana juu. Zunguka nyumba ukitazama madoa ya tope jekundu ukutani, vishimo ardhini, unga mweupe, rangi iliyofura na nyufa mpya. Kisha inua macho: michirizi ya kutu chini ya viungo, nyasi zilizoota ndani ya gata, mwanya kati ya gata na ubao unaoishikilia. Bonyeza ubao huo kwa bisibisi. Bisibisi ikizama kwa urahisi, ubao umeoza, na msumari mpya hautashika.

Kipimo bora ni mvua yenyewe. Vaa koti, simama nje, utazame. Maji yakifurika sehemu moja tu, kuna kizuizi au mteremko mbaya. Yakifurika urefu wote, gata ni ndogo au bomba la kushushia halitoshi. Yakipita nyuma ya gata na kulowesha ubao, bati halikutokeza vya kutosha: maji hung'ang'ania uso wa bati, hugeukia chini yake na kurudi kwenye mbao. Bati likitokeza kama sentimita 5 ndani ya gata, tatizo hilo hukoma.

Kinga huanza Februari

Kazi yenyewe ifanywe wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari, hasa Februari, takataka za mavuno zikiwa zimeshatulia na mvua bado. Safisha kwa mkono, si kwa chuma kinachokwaruza zinki. Mwaga ndoo ya maji upande wa juu na uangalie yanavyotembea. Ngazi ishikwe na mtu, na isikaribie nyaya za umeme.

Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2 unatosha, na mafundi wengi wanajua kuupima kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, kwa kuwa maji husimama kimo kimoja kwenye ncha zote mbili. Kwa ukubwa, kanuni inayotumiwa sana ni sentimita 1 ya mraba ya nafasi ya ndani ya gata kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Vishikio visiachane zaidi ya sentimita 90, na chini ya miti vikaribiane zaidi. Wavu mdomoni mwa bomba huzuia majani, mradi wavu huo nao usafishwe.

Mwisho wa bomba ndio husahaulika zaidi. Bomba linalomwaga maji miguuni pa ukuta limehamisha tatizo tu. Yapeleke kwenye tangi, au angalau mita 1.5 kutoka ukutani, kwenye mtaro wenye mteremko. Milimita 20 za mvua kwenye mita 100 za mraba za mabati ni karibu lita 2,000 za kufulia, kunyweshea ng'ombe na kumwagilia sukuma wiki. Katika mitaa iliyobanana kama Langas na Huruma, ambako paa la mmoja humwagia ukuta wa mwingine, gata ni jambo la ujirani pia.

Eldoret ilipata hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024, na mashamba yaliyokuwa yakinywa mvua yanaendelea kugeuka kuwa mapaa. Kila paa jipya linaongeza maji yanayokimbilia mitaroni hadi mto Sosiani. Kwa hiyo unapoandika bajeti ya msingi, andika gharama ya gata, bomba na tangi kwenye karatasi hiyo hiyo, na pesa hizo usiziguse kwa shughuli nyingine. Ukiwa umeshahamia, chagua siku moja ya Februari kila mwaka iwe ya gata, kabla mvua haijakuchagulia siku yake.