Turbo katika Datsun 240Z: Yanayoiponza injini kongwe ya silinda sita

INJINI ya silinda sita iliyoliwezesha gari aina ya Datsun 240Z kushinda Safari Rally mnamo 1971 na 1973 imedumu kwa zaidi ya nusu karne, na ingali inanguruma katika magari machache yaliyohifadhiwa humu nchini na kwingineko duniani. Hata hivyo, injini iyo hiyo yaweza kuharibika kabisa kwa muda wa sekunde chache iwapo mwenye gari ataamua kuitia turbo bila kufahamu yanayotendeka ndani ya silinda zake.

Hamu ya kuifanyia ukarabati wa aina hii si ngeni. Wapenzi wa magari ya kale nchini Marekani, Japani, Australia na Uingereza wamekuwa wakiifanya kazi hii kwa miongo kadhaa, na ni nadra kupata injini ya zama hizo iliyochunguzwa kwa kina kama hii. Wengi wamefaulu. Wengine wameishia kuokota vipande vya pistoni kwenye karai la oili.

Injini yenyewe huitwa L24. Ina CC 2,393, silinda zake sita zimepangwa katika mstari mmoja, bloku ni ya chuma cha kusubu na silinda hedi ni ya aluminiamu. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7. Krankshafti hushikiliwa na beringi saba kuu, idadi ambayo kwa gari la bei ya wastani la miaka hiyo ilikuwa anasa. Hii ndiyo sababu mafundi huiheshimu: sehemu yake ya chini ni imara kuliko nguvu ilizoundiwa kuzalisha.

Ni uimara huo ulioonekana barabarani Afrika Mashariki. Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller walishinda Safari ya 1971 kwa 240Z. Miaka miwili baadaye Shekhar Mehta, akisaidiwa na Lofty Drews, alipata ushindi wake wa kwanza kati ya mitano kwa gari kama hilo, baada ya kumaliza akiwa sawa kwa alama na Harry Källström wa Sweden aliyekuwa katika Datsun nyingine. Magari hayo hayakuwa na turbo. Ilibidi mashabiki wangoje hadi 1984, Björn Waldegård aliposhinda akiendesha Toyota Celica, ndipo gari lenye turbo litawazwe bingwa wa Safari kwa mara ya kwanza.

Moshi unaofanya kazi

Turbo inayozungumziwa hapa, tofauti na mji wa Turbo ulioko njiani kuelekea Magharibi ya Kenya, ni kifaa chenye feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili, kwa kuwa imefungamana na ya kwanza, hufyonza hewa kutoka nje, huikandamiza na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuchomwa, na nguvu huongezeka bila kuongeza ukubwa wa injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mnamo 1905.

Kwa wakazi wa nyanda za juu, kifaa hiki kina manufaa ambayo mwenzao wa pwani hayahisi sana. Jiji la Nairobi liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa takriban asilimia 18 likilinganishwa na la Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho, na ukipanda hadi Limuru au Eldoret hasara huzidi. Ndiyo maana lori la zamani lililopanda vyema kutoka bandarini huanza kuhema linapokaribia Kikuyu. Turbo hurejesha hewa iliyokosekana.

Lakini urejeshaji huo una gharama, nayo hulipwa kwa joto. Hewa ikikandamizwa hupata moto, kama anavyojua yeyote aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu. Chukua turbo inayoongeza shinikizo la pauni saba kwa inchi mraba, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kadiri. Ikiwa hewa ya nje ina nyuzi 25 za Selisiasi, itatoka kwenye turbo hiyo ikiwa na takriban nyuzi 75 mjini Mombasa. Nairobi itazidi nyuzi 80, kwa kuwa feni hulazimika kuikandamiza zaidi hewa iliyo nyepesi ili kufikia pauni zile zile saba kwenye saa. Anayeiga vipimo vya mtu anayeishi kando ya bahari hana budi kulikumbuka jambo hili.

Kiini cha maangamizi

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Katika hali ya kawaida, plagi hutoa cheche na mwale wa moto husambaa kwa mpangilio kutoka upande mmoja wa chumba cha mwako hadi mwingine, ukiisukuma pistoni chini. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa na joto na shinikizo kupita kiasi, sehemu ambayo haijafikiwa na mwale hulipuka yenyewe, yote kwa pamoja. Shinikizo hupanda ghafla na kuigonga pistoni kama nyundo. Dereva husikia mlio mfano wa changarawe zikitikiswa ndani ya mkebe, ikiwa atausikia kabisa. Kelele za turbo na ekzosi mara nyingi huuficha.

Matokeo yake hufuata mkondo unaofahamika. Kingo nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi huvunjika, au gasketi ya silinda hedi hupasuka katikati ya silinda mbili, au pistoni hutoboka kabisa. Pistoni za injini hizi zilitengenezwa kwa kusubu, si kwa kufuliwa, na hazivumilii mapigo hayo kwa muda mrefu.

Kinga ya kwanza ni kupunguza kiwango ambacho pistoni yenyewe hukandamiza hewa. L24 ya awali hukandamiza mchanganyiko hadi moja ya tisa ya ujazo wake, yaani uwiano wa 9 kwa 1. Nissan yenyewe ilipotaka kuweka turbo katika injini ya familia hii haikuthubutu kuuacha uwiano huo. Ilianza na Cedric ya Desemba 1979, gari la kwanza la abiria lenye turbo kuundwa Japani, kisha ikatoa 280ZX Turbo kwa soko la Marekani mnamo 1981. Injini ya gari hilo la pili, L28ET ya CC 2,753, ilikuwa na uwiano wa 7.4 kwa 1 pekee. Ilizalisha nguvu za farasi 180 kwa shinikizo la takriban pauni saba, na haikuwa na kifaa cha kupoza hewa.

Ni kweli kwamba L24 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 151, na msomaji anaweza kujiuliza kama tofauti ya 29 inastahili taabu yote hii. Tarakimu hizo mbili hazilinganishiki. Ile ya kwanza ilipimwa kwa utaratibu wa zamani wa Marekani, injini ikiwa mezani bila mizigo yake ya kawaida, ilhali ya pili ilipimwa injini ikiwa na kila kitu kama ilivyo garini.

Kutokana na historia hiyo, njia iliyo salama zaidi ni kutafuta L28ET nzima, au walau kuunganisha bloku ya L28 yenye pistoni za uso wa bakuli na silinda hedi ya P90 ambayo kiwanda kiliitumia kwa turbo. Tatizo ni kuwa injini hizo zilitoka kwa miaka mitatu tu, 1981 hadi 1983, na zilizosalia ni chache. Anayebaki na L24 yake hulazimika kuagiza pistoni za kufuliwa zenye uso uliobonyea. Wapo wanaoongeza unene wa gasketi ili kukwepa gharama hiyo. Ujanja huu hushusha uwiano kweli, lakini huondoa ule mwanya mwembamba baina ya pistoni na hedi unaosaidia kuchanganya hewa na petroli, na hivyo waweza kuualika ule ule mgongano unaokwepwa.

Petroli, cheche na joto la upande mmoja

Kinga ya pili ni kipimo cha petroli. Injini inayotembea pole hutumia takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Chini ya shinikizo la turbo, mafundi hulenga karibu 11.5 hadi 12, kwa sababu petroli ya ziada husaidia kupoza chumba cha mwako. Kabureta mbili za 240Z hazikuundwa kwa kazi hii. Zinaweza kulazimishwa: huzibwa zisivujishe, kisha pampu ya petroli hupangwa ili shinikizo lake lipande sambamba na la turbo, la sivyo hewa itaizuia petroli kuingia na injini itakauka wakati inapoihitaji zaidi. Wengi siku hizi huziondoa kabureta na kuweka mfumo wa kunyunyizia petroli unaoongozwa na kompyuta, pamoja na kipimahewa kwenye ekzosi kinachomwonyesha fundi hali halisi. Kwa gari linalotarajiwa kuendeshwa kutoka Mombasa hadi nyanda za juu, njia hii ndiyo ya busara, kwani kompyuta hujirekebisha hewa inapobadilika.

Cheche nayo sharti icheleweshwe. Kanuni ya gereji ni digrii moja kwa kila pauni ya shinikizo, ijapokuwa hiyo ni hatua ya kuanzia tu, na fundi makini huthibitisha kila kiwango kwenye mashine ya kupimia nguvu.

Kuna tabia moja ya injini ya L ambayo huwashtua wanaoikuta mara ya kwanza. Hewa huingia na moshi hutoka upande mmoja wa silinda hedi. Turbo, ambayo gamba lake laweza kuwa jekundu kwa moto, hukaa chini tu ya kabureta na mipira ya petroli. Ngao ya joto hapa ni suala la kuepusha gari zima kuteketea. Magari ya Kenya yana nafuu kidogo, kwa vile upande huo ni wa kushoto ilhali usukani uko kulia, na fundi hupata nafasi ambayo mwenzake wa Marekani hana.

Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando wa oili. Oili hiyo huletwa kwa shinikizo lakini hurudi kwa kuteremka tu, hivyo bomba la kurudishia lazima liwe pana na lielekee chini moja kwa moja. Likipinda, oili hujaa na kuvuja hadi kwenye ekzosi, na mwenye gari huanza kulaumu turbo isiyo na kosa. Dereva wa basi la masafa marefu anayeiacha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima anajua sababu: oili inayosimama ndani ya turbo yenye moto huungua na kuwa makaa.

Kabla ya yote hayo, injini yafaa ipimwe kama ingali na afya. Silinda zote sita zipimwe mkandamizo, na tofauti baina yake isizidi asilimia kumi hivi. Silinda hedi ndefu ya aluminiamu iliyowahi kuchemka hupinda, na iliyopinda haiwezi kuziba. Rejeta ya miaka ya sabini, iliyojaa kutu, haifai kukabidhiwa kazi mpya.

Suala la breki hupuuzwa mno. 240Z ina uzani wa takriban kilo 1,050, diski mbele na ngoma nyuma, na ilitosheka nazo ikiwa na nguvu zake za awali. Anayekusudia kuziongeza kwa theluthi au nusu angetenda vyema kuanza na breki, kisha klachi na difu, na turbo ije mwisho. Mabodi ya magari haya nayo hushikwa na kutu kwenye vyuma vya chini, mahali ambapo rangi mpya huficha mengi.

Lipo pia suala la thamani. Gari lenye injini yake ya asili, nambari zikilingana na za kiwandani, husakwa na wakusanyaji kote duniani, na tundu moja lililotobolewa kwenye bloku ili kupitisha bomba la oili haliwezi kuzibwa likasahaulika. Wenye busara huing'oa L24, huipaka oili, huifunika na kuiweka stoo, kisha huweka L28 mahali pake. Kwa Kenya, uamuzi huo humaanisha kuwa nambari ya injini haitalingana tena na iliyo kwenye kitabu cha umiliki, na mabadiliko hayo yapaswa kuandikishwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Kampuni ya bima nayo ijulishwe kabla ya gari kurudi barabarani, kwa kuwa bima ya gari la nguvu 151 yaweza kukataa kulipia ajali ya gari la nguvu 250.