Makopo Yaliyovimba Highland

Kabla ya miaka ya 1880, maziwa ya kopo yalikuwa matamu mno. Mmarekani Gail Borden alipata hataza mwaka 1856 ya kuyachemsha maziwa katika chombo kilichopunguzwa hewa. Hewa ikipungua, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 za Selsiasi, na maziwa hupungua maji bila kuungua. Kilichoyafanya yadumu ni sukari nyingi iliyoongezwa humo: sukari hushika maji yaliyobaki, na bakteria hukosa ya kutumia.

John Meyenberg, Mswisi aliyefanya kazi katika kiwanda cha Anglo-Swiss mjini Cham, alitaka kuiacha sukari. Hoja yake ilikuwa kwamba kopo likishafungwa, lipikwe lenyewe. Waajiri wake hawakuvutiwa, akahamia Marekani na kupata hataza yake mwaka 1884. Mwaka uliofuata, wakazi wa Highland, mji wa Illinois wenye walowezi wengi wa Kiswisi, walichanga mtaji wakaanzisha Helvetia Milk Condensing Company ili kutumia njia hiyo.

Mtambo wa Meyenberg ulifanya kazi kama sufuria ya presha: mvuke ukibanwa, joto hupanda kupita nyuzi 100. Joto hilo ni la lazima. Baadhi ya bakteria hujifungia ndani ya mbegu ngumu zinazostahimili maji yanayochemka, kisha huzinduka kopo likipoa. Kwa upande mwingine, joto likizidi, maziwa hukatika na kugeuka rangi. Njia ya kupita katikati ni nyembamba.

Helvetia iliikosa njia hiyo mapema. Makopo yaliyokwisha kuuzwa yalivimba na kuharibika, hasara ikaielemea kampuni changa, na Meyenberg akaondoka. Mzigo ukamwangukia Louis Latzer, mkulima na mwanahisa, ambaye hakuishia kulaumu mtambo. Alitafuta chanzo cha uharibifu kwa kuchunguza bakteria, akasimamia usafi wa maziwa na kipimo cha joto. Kampuni ikasimama, na mwaka 1923 ikachukua jina la Pet Milk, kutokana na chapa yake maarufu.

Naye Meyenberg hakupotea. Mwaka 1899 alimsaidia E. A. Stuart kuanza kiwanda huko Kent, jimbo la Washington. Maziwa ya kiwanda hicho yakajulikana kwa jina la Carnation.

Kwa hiyo mvumbuzi aliipa Helvetia mtambo, lakini kilichoiokoa ni nidhamu ya kupima. Nawe msomaji, somo la Highland lina faida jikoni kwako. Kopo linalovimba lina gesi ndani, na mara nyingi gesi hiyo hutokana na bakteria walio hai. Usilifungue, usilionje, litupe.