Ndoa Mpya Haifuti Matunzo ya Mtoto

"Si ameshaolewa? Huyo mume wake mpya awalishe." Maneno haya hayaishi katika ofisi za ustawi wa jamii, na anayeyasema huwa amechanganya haki mbili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema mtalaka akifunga ndoa nyingine, matunzo yake mwenyewe aliyokuwa akilipwa kwa amri ya mahakama yanakoma. Hapo baba ana hoja. Fedha za mtoto lakini ni za mtoto. Mama anazipokea kwa niaba yake tu, na mtoto hakuolewa. Wajibu wa baba wa kumpa mwanawe malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake unabaki palepale, hata kama mtoto analala kwa baba wa kambo.

Baba naye akioa upya? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama, inapopanga kiwango, ipime kipato na mali za wazazi wote wawili, jambo lolote lililopunguza uwezo wa mtu kujipatia riziki, watoto wengine wanaomtegemea, na gharama za maisha mahali anapoishi mtoto. Basi watoto wa mke mpya wanahesabika, na fungu la wa kwanza linaweza kupungua. Mahari na ukumbi wa harusi havimo.

Penye kizaazaa zaidi ni kazi. Mtu anapunguzwa kazini, anaacha kutuma hela kimyakimya, akiamini kila mtu ataelewa. Amri ya mahakama haina habari na barua yake ya kuachishwa kazi. Kiwango kinabaki kilekile na deni linapanda kila mwezi mpaka mahakama yenyewe iirekebishe amri hiyo. Kuongea na mzazi mwenzako kwa simu ni uungwana, ila hakubadilishi kilichoandikwa. Anayeacha kazi makusudi ili asilipe, kwa maoni yangu, hastahili huruma yoyote.

Mlango huohuo uko wazi kwa upande wa pili: baba akipandishwa cheo au biashara yake ikichangamka, mama anaweza kuomba kiwango kiongezwe. Na asiye na hati ya mshahara, kama dereva wa bodaboda au mwenye genge la mboga, hajasamehewa. Kinachopimwa ni uwezo.

Kabla ya 2009, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliwekewa ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, nao ulibaki hivyo miaka nenda rudi huku bei ya unga ikipaa. Afadhali kiwango kinachopanda na kushuka na hali ya mlipaji.

Kwa hiyo ukipoteza kazi leo, usingoje kuitwa kwa malimbikizo. Chukua barua ya mwajiri na taarifa za benki, uende kwenye mahakama iliyotoa amri ukaombe irekebishwe. Hata huko, jiandae kuambiwa utoe kidogo ulichonacho.