Kukimbia Si Kupona

Kila mwaka ligi zikisimama na usajili ukipamba moto, kijiwe changu cha kahawa hugeuka kliniki. Mtu anakuja na simu mkononi kunionyesha video ya sekunde 15: mchezaji wa timu yake anakimbia kuuzunguka uwanja wa mazoezi, jua linawaka, nyasi zimenyweshewa, viatu vipya. "Daktari, tazama mwenyewe. Huyu si amepona? Mbona kwenye mechi ya kirafiki jana hakuwepo hata benchi?"

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya viungo, ila cheo hicho cha kijiweni nimeshachoka kukikataa. Namuuliza swali moja: "Kaka, anakimbia kuelekea wapi?" Anaitazama tena. Anakimbia mbele, mstari umenyooka, hana mpira, hana mtu wa kumkaba. Mazungumzo yetu huanzia hapo.

Goti linalokimbia mstari ulionyooka halijaulizwa swali gumu. Ndani yake kuna ligamenti mbili zinazopishana mithili ya alama ya kuzidisha. Ile ya mbele, ambayo mashabiki wameizoea kwa herufi tatu, ACL, kazi yake ni kuuzuia mfupa wa ugoko usisogee mbele na usijipinde pale mguu unapogeuka ghafla. Mara nyingi hukatika bila mchezaji kuguswa na mtu. Anakimbia, anakanyaga, anataka kugeuka. Njumu zimeng'ang'ania nyasi, kiwiliwili kimeshageuka, goti limebaki njiani. Mtu mwenye ligamenti iliyokatika, uvimbe ukishapungua, anaweza kwenda sokoni na kurudi, na hata kukimbia taratibu. Kinachomshinda ni kugeuka, na mpira wa miguu ni mchezo wa kugeuka.

Upasuaji wenyewe unaeleweka vibaya. Wengi hudhani daktari anashona ncha mbili zilizokatika, kazi ikaisha. Kwa kawaida hukata kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa, iwe chini ya pia ya goti au kwenye misuli ya nyuma ya paja, akakipitisha kwenye matundu aliyoyatoboa katika mifupa na kukifunga. Kipande hicho kinapowekwa hakina damu yake. Mwili unapaswa kukipokea, kukiingizia mishipa midogo ya damu, kisha kukijenga upya uzi kwa uzi. Katika miezi 3 ya mwanzo, wakati kazi hiyo inaendelea, hufika mahali kikawa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku kilipopandikizwa.

Sasa angalia kalenda ya mgonjwa. Katika kipindi hichohicho uvimbe umeshuka, magongo yamewekwa kando na maumivu hayapo. Anajisikia mzima wakati goti lake bado ni la kuchungwa kama yai. Ningeombwa nimfundishe shabiki jambo moja tu kuhusu majeraha, ningemfundisha hilo: maumivu huondoka mapema, uponaji huja nyuma yake kwa mwendo wa kobe.

Ushahidi wake ulionekana na dunia nzima. Novemba 21, 1999, Ronaldo wa Brazil, akiwa na Inter Milan, aliumia kano iliyo chini ya pia ya goti katika mechi dhidi ya Lecce. Akapasuliwa. Aprili 12, 2000, kabla hata miezi 5 haijatimia, aliingia kama mchezaji wa akiba kwenye fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, mjini Roma. Alicheza dakika chache tu. Akiwa na mpira, akijaribu kumhadaa beki kama alivyozoea, goti likamwachia bila kukanyagwa na mtu. Kano ilikuwa imekatika kabisa. Msimu wote uliofuata aliutazama akiwa nje.

Miaka 20 baadaye tuliona njia nyingine. Oktoba 17, 2020, Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia ligamenti ya goti katika mechi ya watani wa jadi dhidi ya Everton. Mwaka uliofuata Uholanzi ilimhitaji kwenye michuano ya Ulaya iliyoanza Juni, na hesabu za haraka za mashabiki zilionyesha kwamba inawezekana: miezi 8 imepita, anakimbia, anapiga mpira. Mwenyewe akasema hapana. Alichagua kambi ya maandalizi ya msimu mpya. Akarudi Julai 29, 2021, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Hertha Berlin nchini Austria, siku 285 baada ya kuumia, na akapewa muda mfupi tu wa mwishoni. Msimu huo akacheza zaidi ya mechi 50, Liverpool ikatwaa Kombe la FA na Kombe la Ligi, ikafika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Aliyekosa mashindano ya mwezi mmoja alivuna msimu mzima.

Uamuzi wa namna hiyo una hesabu nyuma yake. Utafiti wa wataalamu wa Norway na Marekani uliochapishwa 2016 uliwafuatilia wagonjwa 106 waliopasuliwa ligamenti hiyo. Uligundua kwamba kila mwezi mmoja mtu aliosubiri kabla ya kurejea kwenye michezo ya kugeukageuka, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza uwezekano wa kuumia goti tena kwa karibu nusu. La pili lilikuwa zito zaidi: kati ya waliorejea bila kufaulu vipimo, 38% waliumia tena. Waliofaulu kwanza, hawakufika 6%.

Vipimo gani hivyo? Kimoja unaweza kukifanya barazani kwako. Chora mstari kwa chaki. Mchezaji asimame kwa mguu mzima, aruke mbele kadiri awezavyo, atue kwa mguu uleule na atulie bila kuyumba. Pima. Kisha arudie kwa mguu uliopasuliwa. Tuseme mguu mzima umefika sentimita 180 na uliopasuliwa 140. Gawanya: ni kama 78%. Sisi tunataka angalau 90%. Na futi haisemi yote. Jicho langu halimtazami anaporuka, linamtazama anapotua. Goti likiingia ndani kuelekea mguu mwenzake, mikono ikapepea hewani kama ya mtu anayetafuta pa kushika, hata akiruka mbali namna gani, anarudi jimu. Halafu natoa mkanda wa fundi cherehani, nazungusha paja, natafuta msuli uliosinyaa. Paja la mguu uliopasuliwa huchukua miezi mingi kulingana na mwenzake, na msuli dhaifu huliachia goti mzigo wote.

Kuna kipimo kingine kisichoonekana kwa futi wala mkanda: woga. Aprili 2002, David Beckham alivunjika mfupa mwembamba wa mguu ikiwa imebaki chini ya miezi 2 Kombe la Dunia lianze. Uingereza nzima ikajifunza anatomia kwa siku moja. Gazeti moja lilichapisha picha ya mguu wake na kuwaomba wasomaji waweke mikono juu yake kuuombea upone. Mfupa uliunga, Beckham akawahi mashindano. Lakini katika robo fainali dhidi ya Brazil, karibu na mstari wa pembeni, aliruka juu kukwepa kugongana na mpinzani. Mpira ukaenda upande wa pili na muda mfupi baadaye Rivaldo akasawazisha. Kilichokuwa kichwani mwake anakijua yeye. Sisi kazini tumeona mara nyingi kwamba mfupa huunga kabla moyo haujatulia.

Brazil hiyohiyo ilikuwa na Ronaldo, sasa akiwa amepewa muda wa kutosha. Alifunga mabao 8 katika mashindano hayo, mawili kati ya hayo kwenye fainali. Goti ni lilelile. Kilichotofautiana ni muda lililopewa.

Magoti hupata vichwa vya habari, lakini ugonjwa wa kila wiki ni nyama za paja. UEFA imekuwa ikifuatilia majeraha katika klabu kubwa za Ulaya tangu 2001, na takwimu zake zilionyesha kwamba klabu yenye wachezaji 25 itarajie majeraha kama 50 kwa msimu, yaani mawili kwa kila mchezaji. Msimu wa kwanza wa utafiti huo misuli ya nyuma ya paja ilibeba 12% ya majeraha yote. Kufikia msimu wa 2021/22 ilikuwa 24%. Mchezo umekuwa wa mbio kali zaidi na mechi zimesongamana, na msuli huo ndio breki ya mguu: mchezaji akiwa kasini, unavutika na kukaza kwa wakati mmoja ili kuupunguza mwendo wa ugoko. Hapo ndipo unapochanika, na hapo ndipo unapochanika tena ukirudishwa uwanjani kabla haujazoea kasi ya juu kabisa. Kukimbia kwa asilimia 80 hakukuambii lolote kuhusu asilimia 100.

Kwa nini basi maandalizi ya msimu mpya ni kipindi cha hatari? Kwa sababu mchezaji anatoka likizo na kuingia moja kwa moja mazoezi ya mara mbili kwa siku. Moyo na mapafu huamka haraka. Misuli na kano huamka polepole. Anarudishiwa pumzi kabla ya kurudishiwa ugumu. Ongeza mashuti mengi ya mazoezini na utaelewa kwa nini takwimu hizohizo za UEFA zilionyesha misuli ya mbele ya paja, ile ya kupigia mpira, ikiumia zaidi kipindi hiki. Anayetoka kwenye upasuaji anaingia katika tanuri hilo akiwa na deni la miezi.

Kwa hiyo hata anayerudi kwa kufuata taratibu hajavuka mto. Rodri wa Manchester City aliumia ligamenti ya goti Septemba 2024; mwezi uliofuata alipanda jukwaani Paris kuchukua Ballon d'Or akiwa na magongo. Alirejea uwanjani Mei 2025, akaenda Kombe la Dunia la Klabu Marekani, akapata tatizo jingine, akaukosa mwanzo wa ligi. Oktoba akatoka mapema dhidi ya Brentford akiwa ameumia nyuma ya paja. Goti lilikuwa limepona. Mwili mzima ulikuwa bado unajifunza upya kubeba mechi.

Ndiyo maana wataalamu hugawa kurejea katika hatua tatu: kurudi mazoezini, kurudi kwenye mechi, na kurudi kwenye kiwango chako. Klabu hutangaza hatua ya kwanza kwa video, ya pili kwa orodha ya kikosi. Ya tatu haitangazwi na mtu, unaiona mwenyewe uwanjani, na mara nyingi inachukua miezi baada ya ile ya pili.

Ukijua hilo, habari za majeruhi utazisoma kwa jicho jingine. "Ameanza mazoezi mepesi" maana yake yuko peke yake na mtaalamu wa viungo, anakimbia mstari ulionyooka. "Amejiunga na wenzake" haijakuambia kama anaruhusiwa kugongana. Tafuta picha ya mazoezi, angalia kama kuna anayemkaba. Kocha akisema "tutaangalia siku kwa siku", hakufichi kitu. Hata yeye hana tarehe. Wiki zinazotajwa siku ya kuumia ni makadirio, hazijawahi kuwa ahadi. Na mchezaji akipewa dakika 20 za mwisho katika mechi ya kirafiki usilalamike. Hiyo ni dawa, na dawa hupimwa kwa kijiko.

Msimu mpya unakuja. Uwanja utajaa Simba Day, utajaa Wiki ya Mwananchi, siku ambazo klabu hutambulisha vikosi vyao; majina yatasomwa moja moja na kila jina litapokewa kwa kelele. Atakuwepo mmoja aliyekosa nusu ya msimu uliopita. Atakimbia kuingia, atapunga mkono, na maelfu watataka kumwona akicheza siku hiyohiyo. Mchezaji huzisikia kelele hizo, na kocha pia. Shinikizo hilo limewahi kurudisha watu uwanjani kabla ya wakati wao, na wengine hawakuwa na bahati ya Ronaldo ya kupata nafasi ya tatu.

Na wewe unayecheza bonanza Jumapili, huna kambi wala mtaalamu wa viungo, somo ni lako zaidi. Kuna mpango wa FIFA wa kupasha mwili uitwao 11+. Unachukua kama dakika 20, hauhitaji kifaa maalumu, na timu zinazoufanya walau mara 2 kwa wiki hupunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Ongeza zoezi la Nordiki: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, shuka mbele polepole ukijizuia kwa nyuma ya paja hadi ushindwe. Tafiti zimeonyesha linapunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Na kama umetoka kuumia, chora mstari wa chaki kabla ya kufunga kamba za viatu. Mguu ulioumia usipofika 90% ya mwenzake, Jumapili hiyo kaa na sisi kijiweni. Kahawa ipo.